Asilimia 97 iliyonitoa jasho

Wadau, kimya changu cha wiki mbili kina maelezo. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa nasoma mistari 180 ya programu aliyoiandika mshikaji wangu, na katika hiyo 180 kuna mistari miwili iliyoniulia habari ambayo nilishaiona kichwani ipo ukurasa wa kwanza, jina langu chini ya kichwa chake.

Ilikuwa hivi. Kuna taasisi moja (jina naliacha) ambayo watu wanalalamika kuwa mfumo wake wa kompyuta unajivuta. Unabonyeza, unasubiri, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado kiduara kinazunguka. Mshikaji niliyesoma naye chuo akapewa kazi ya kupima seva zao. Akaandika programu yake ya kupimia, akaiwasha kwa sekunde 60, ikamtolea jibu: kompyuta ile inatumia asilimia 97 ya muda wake nje ya kazi. Akatuma muhtasari kwa wakubwa wa pale, halafu akaninong'oneza mimi. "Ila usinitaje, kaka."

Mnadhani nililala usiku ule? Niliandika habari nzima kwa saa mbili. Asubuhi nikampelekea mhariri wangu, mama mmoja ambaye hacheki kabla ya saa sita mchana. Akasoma, akaweka kidole juu ya ile 97.

"Hii umeitoa wapi?"

"Imetoka kwenye programu, dada."

"Programu ameikagua nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho.

Kwa wasioyajua mambo haya (na mimi nilikuwa mwenzenu hadi juzi), hebu fikirieni nyumba ya kupanga kule uswahilini. Nyumba moja, wapangaji sita, kila mmoja akifunga mlango wake anajiona ana nyumba. Seva kubwa nayo hugawanywa hivyohivyo: ndani yake zinawekwa kompyuta kadhaa pepe, na kila moja inaamini iko peke yake. Wazo lenyewe ni la kizee, maana IBM ilitangaza VM/370 mwaka 1972. Upande wa Linux kuna mwenye nyumba anayeitwa KVM, aliyeingia rasmi katika toleo la 2.6.20, Februari 2007.

Mpangaji anafanya mambo yake mengi mwenyewe, moja kwa moja juu ya prosesa halisi. Lakini yapo mengine, kama kugusa baadhi ya vifaa, ambayo lazima atoke amwite mwenye nyumba. KVM inashughulikia, kisha inamrudisha ndani. Kutoka kunaandikwa kvm_exit pamoja na sababu yake, kurudi kunaandikwa kvm_entry, na kila tukio lina saa yake. Wakitoka mno, au kila safari ikichukua muda mrefu, kompyuta itajivuta. Programu ya mshikaji ilikuwa inafanya hesabu ya darasa la nne tu: saa ya kurudi, toa saa ya kutoka, jumlisha.

Nilimuuliza kwa nini hakutumia perf, chombo cha Linux ambacho tangu mwaka 2012 kinaweza kufanya kazi hiyo kwa amri ya perf kvm stat. Akasema alitaka ripoti ya Kiswahili yenye rangi, kwa ajili ya mabosi. Haya.

Jumapili nikaenda kwake. Chipsi mezani, kompyuta katikati yetu. Mimi si mwanaprogramu, nilisoma somo moja la Python mwaka wa pili na sitaji nilipata alama gani. Kwa hiyo nikamwekea sharti moja: asiniambie alikusudia nini, aniambie kila mstari unafanya nini. Baadaye nikaja kugundua kuwa sikuvumbua kitu. Michael Fagan wa IBM aliandika mwaka 1976 kuhusu ukaguzi wa namna hii, watu wanakaa na kazi ya mwenzao, inasimuliwa kwa maneno ya kawaida, na shabaha ni kutafuta makosa, kuyarekebisha ni kazi ya baadaye. Hilo la mwisho tulilivunja ndani ya dakika kumi.

Tukafika mstari wa 41. Akasema: "Hapa naweka saa ya kutoka chini ya namba ya prosesa. Akirudi kwenye prosesa hiyo, natoa."

Nikauliza swali la kijinga, maana ndilo nililokuwa nalo: "Akitoka mlango huu, ni lazima arudi kwa mlango huuhuu?"

Mshikaji akaacha kutafuna.

Si lazima. Kompyuta pepe inaweza kutoka ikiwa kwenye prosesa halisi namba 2, ikalala kidogo, ikaamshwa namba 5. Wakati huohuo jirani yake anaingia namba 2, na programu inamhesabia jirani safari ya mwenzake. Seva ile ilikuwa na wapangaji wanne. Akataka kubadili upesi atumie namba ya prosesa pepe, kisha akajishika mwenyewe: kila kompyuta pepe ina prosesa yake namba 0. Ni kama kwenda mtaani kwetu ukamuulizia Mama Asha, utaoneshwa nyumba tatu. Mwishowe akatumia namba ambayo Linux inampa kila mtenda kazi, ambayo hairudiwi kwa mwingine akiwa bado hai. Kumbukumbu za kipimo cha mwanzo alikuwa amezihifadhi, akapiga hesabu upya. Ikatoka 94.

Nitakuwa mkweli, nilifurahi. 94 bado ni kichwa cha habari. Nilikuwa tayari kufunga daftari niende zangu.

Kilichonizuia ni jedwali la sababu. Kompyuta tuliyoipima ilikuwa na prosesa pepe 2, sekunde 60, kwa hiyo sekunde 120 kwa jumla. Nje zilitumika sekunde 113. Na katika hizo 113, sekunde 109 zilikuwa kwenye sababu moja yenye herufi tatu: HLT.

"HLT ndiyo nini?"

Akajibu taratibu, kama mtu anayesikia maneno yake kwa mara ya kwanza. HLT ni amri ambayo prosesa hupewa mfumo unapokosa la kufanya. Maana yake lala, utaitwa. Kompyuta pepe ikisema hivyo inatoka, KVM inaiacha isinzie, na ikija kazi inarudishwa. Usingizi wote huo programu ilikuwa imeuandika kama hasara.

"Na ulipima lini?"

"Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Saa nne usiku."

Tulitazamana. Jumamosi saa nne usiku, ofisi imefungwa, na sisi tunataka kuuambia umma kwamba kompyuta imezembea kwa sababu ilikuwa imelala! Ukiondoa HLT zilibaki sekunde 4 kati ya 120, asilimia 3 na kidogo. Ndiyo habari yangu hiyo.

Sasa kuna jambo ambalo halinichekeshi. Ule muhtasari wa 97 ulikuwa umeshafika kwa wakubwa, na vijana wawili wanaotunza seva zile walishaandikiwa barua za kutakiwa kujieleza. Mmoja wao, nimeambiwa, ana mkataba wa miezi. Mimi ningeiongezea kalamu moto ile, halafu jioni nikaenda kunywa soda yangu.

Jumatatu saa nne asubuhi, kukiwa na foleni ya watu, mshikaji akapima tena kwa programu iliyorekebishwa. Safari hii HLT imewekwa safu yake, imeandikwa "muda wa kulala". Bado ilikuwa kubwa. Maana yake, kwa ninavyoelewa, prosesa hata wakati wa msongamano hazikuzidiwa. Mfumo unasubiri kitu kingine, labda hifadhidata iliyo kwenye mashine nyingine, labda mtandao, na huko hatujafika.

Habari niliifuta mwenyewe, mhariri hakusema kitu. Jana usiku nilikaa na mshikaji tukaandika barua kwa wakubwa wale: kipimo cha kwanza kilikuwa na makosa mawili, makosa ni ya mpimaji, tafadhali kisitumike dhidi ya mtumishi yeyote. Ni aya tatu tu, zikatuchukua hadi saa saba usiku, kwa sababu kila mara alitaka kuongeza neno "huenda" na mimi nalifuta. Ameituma leo asubuhi. Hadi naandika haya hajajibiwa.