Kosa Namba 13

Nataka kuwaeleza habari ya kosa langu, ili nanyi lisiwapate.

Muhula huu niliandika programu ndogo ya kutunza orodha ya majembe ya shamba la shule: nani ameazima, nani amerudisha. Niliiandika kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Bwana Dennis Ritchie huko Marekani yapata mwaka 1972, na hata leo inatumika sana.

Jioni moja nikaiendesha mbele ya wenzangu. Kompyuta ikajibu, "Kosa 13," basi. Nikaona haya. Nikamgeukia kijana wa kidato cha pili aliyeitumia kompyuta ile mchana, nikasema, "Wewe umeifuta orodha!" Akakana. Wenzangu wakamcheka, naye akaenda bwenini akilia.

Mwalimu akaniuliza, "Hiyo 13 maana yake nini?" Sikujua. Akasema, "Basi umemhukumu mwenzio kwa neno usilolielewa."

Ndipo akanifundisha. Programu ikishindwa kufungua faili, maktaba ya C, yaani ghala la kazi zilizoandikwa tayari, huacha namba ya sababu mahali paitwapo errno. Ukiipeleka namba hiyo kwa kazi iitwayo strerror, hukurudishia maneno ya kusomeka. Lakini yakupasa uihifadhi namba mara moja, maana kazi nyingine ikifuata yaweza kuibadilisha.

Kwetu Uchindile ukipiga hodi hujibiwi kwa namba. Huambiwa, "Mwenyewe hayupo," au, "Yupo, ila usiingie." Katika Linux, 2 ni jibu la kwanza, na 13 ni la pili. Kumbe faili haikufutwa! Ilikuwapo, ila ruhusa ya kuiandika haikuwapo. Nikakumbuka kwamba jana yake mimi mwenyewe niliifunga isiandikwe, nikiogopa wengine wasiiharibu.

Usiku ule ule nikamwomba radhi yule mdogo wangu mbele ya wote waliomcheka. Alinisamehe, lakini siku tatu zikapita kabla hajanisalimu.

Sasa programu yangu husema kwa Kiswahili, "Orodha ipo, lakini huna ruhusa ya kuiandika," na yule kijana ndiye anayeitunza pamoja nami. Wasomaji wapenzi, mkiambiwa pana kosa, ulizeni kwanza ni kosa gani, kabla ya kuuliza ni la nani. Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.