Jumla ya Nani?

Mwanafunzi wa Kiswahili anapokiri hadharani kwamba anajifunza kuandika programu za tarakilishi, wenzake humwuliza kama ameihama lugha. Sijaihama. Yaliyonipata nyumbani Subukia, katika likizo ya Desemba mwaka 2023, yalinifanya niisome upya sarufi niliyodhani naijua.

Kwetu ni bondeni, kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Nyahururu. Mama ni mmoja wa wanawake 11 wanaouza maziwa kwa pamoja. Mnunuzi huwalipa kwa mkupuo mmoja, nao hugawana fedha kulingana na lita alizotoa kila mmoja. Ugawaji huo ulizua manung'uniko kila mwisho wa mwezi, kwani hesabu zilifanywa usiku na watu waliokwisha kuchoka. Basi nikajitolea kuwaandikia programu kwa Python, lugha ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991 na ambayo wanagenzi wengi huanzia.

Wazo lilikuwa jepesi. Niliunda klasi moja, yaani kielelezo, nikaiita Mfugaji. Kutokana na kielelezo hicho kila mwanamke alipata objekti yake, na kila objekti ikawa na sifa mbili: jina na jumla. Jumla ilianzia sifuri. Kisha nikaandika utaratibu wa kupokea maziwa, ambao kiini chake kilikuwa mstari huu:

jumla = self.jumla + lita

Chini yake nikaweka amri ya kuionyesha jumla kwenye kiwambo. Nikajaribu kwa lita 7. Kiwambo kikaandika 7. Nikaridhika. (Wenye ujuzi watacheka: nilijaribu mara moja tu.)

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanawake walikusanyika uani kwetu. Niliiondoa ile amri ya kuonyesha ili kiwambo kisifurike tarakimu, nikaingiza takwimu za mwezi mzima kutoka daftarini, kisha nikaiuliza programu jumla ya kila mmoja. Mama: 0. Jirani yetu mjane, aliyezitegemea fedha hizo kumnunulia mwanawe sare ya kidato cha kwanza: 0. Wote 11 walikuwa na sifuri. Hakuna aliyecheka. Mjane yule akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, hayo maziwa tuliyapeleka wapi?"

Upande wa kulia wa alama ya sawasawa, programu ilikuwa ikisoma self.jumla, yaani jumla ya mfugaji mwenyewe, na kuiongezea lita. Upande wa kushoto, mimi niliandika jina tupu. Kwa Python, jina tupu linalopewa thamani ndani ya utaratibu ni kibadilika cha ndani: huzaliwa utaratibu unapoitwa, hutoweka unapokamilika. Majina hayo mawili yalifanana kwa herufi tu. Jumla ya mfugaji haikuguswa hata mara moja.

Mama, ambaye hajawahi kugusa tarakilishi, alielewa upesi kuliko mimi. "Kumbe iliandika kiganjani," akasema. Alimkumbuka mchukuzi mmoja wa maziwa wa miaka ya nyuma, aliyekuwa akiandika lita kiganjani kwa kalamu, kisha akasuuza mikebe kwa mikono hiyohiyo. Mama alipoteza malipo ya wiki mbili kwa namna hiyo, na hajalipwa hadi leo.

Linaloniuma ni kwamba kosa baya zaidi lingenifaa. Lau ningeandika jumla = jumla + lita, bila self popote, Python ingesimama na kulalamika kwamba kibadilika cha ndani kimesomwa kabla ya kupewa thamani, nami ningeaibika peke yangu chumbani. Kosa langu halikuvunja kanuni yoyote ya lugha, kwa hivyo lilinyamaza hadi mbele ya wenye mali. Mwenzangu aliyeanza na Java aliniambia kwamba kwao jina tupu lingetosha, maadamu hakuna kibadilika cha ndani chenye jina hilo. Python hutaka mmiliki atajwe.

Hapo ndipo sarufi iliponirudia. Katika Kiswahili mmiliki hufuata kimilikiwa: jumla ya mama, jumla yake. Katika Python mmiliki hutangulia, ikafuata nukta: mama.jumla. Ndani ya klasi, ambamo mama bado hajulikani, nafasi yake hushikwa na self, nalo ni jina la mazoea tu, lugha hailazimishi. Kwa kuwa neno hilo lilikuwa limenipita machoni mara nyingi bila kuniambia kitu, niliweka mahali pake lile tunalolitumia kuainisha mimi, wewe na yeye:

nafsi.jumla = nafsi.jumla + lita

Waandishi wa programu wenye uzoefu hawapendi mazoea hayo yavunjwe, na katika kazi ya pamoja ninawatii. Katika hii ya wanawake wa Subukia nimeliacha hivyo.

Tuliingiza takwimu upya hadi giza likaingia. Mjane alilinganisha kila siku yake na daftari, kidole kikitembea juu ya karatasi. Jumla yake ilipotimia 163, akaniomba niizime tarakilishi na kuiwasha tena, tuone kama bado ipo. Sikuwa nimelifikiria hilo. Sifa ya objekti nayo huishi kadiri programu inavyoendelea kufanya kazi, na sikuwa nimejifunza bado kuihifadhi kwenye faili. Nikaomba kalamu, nikaiandika daftarini.