Swichi Iliyokuwa Ikisema Kweli

Najua nimepotea. Wiki tatu bila kuandika lolote si kawaida yangu, na walioniuliza niliwajibu kwa mkato kwamba nina shughuli. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikipigana na maji na stima. Leo niwape kisa chote, maana kina funzo kwa anayeandika programu na hata kwa asiyeandika.

Ofisi yetu iko orofa ya juu kabisa ya jengo moja hapa Machakos mjini, chini ya mabati. Watu wa mbali hudhani huku ni baridi tu kwa sababu mji uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari na milima ya Iveti iko pale pale. Waje wakae chini ya mabati yetu saa nane mchana mwezi wa Machi! Tuko wanne katika chumba kimoja na seva mbili. Moja hubeba mfumo wa karo wa shule kadhaa: mzazi akilipa kwa simu, seva hiyo ndiyo huandika kwamba mwanafunzi fulani amelipa. Ikizima, mtoto anaweza kurudishwa nyumbani ilhali karo yake imelipwa. Seva zilipoanza kujizima kwa joto tulichanga pesa, tukanunua kiyoyozi cha BTU 12,000, kile cha vipande viwili: kimoja ukutani ndani, kingine nje kwenye roshani.

Fundi alikuja, akafunga kwa siku moja, akalipwa, akaenda. Tukapoa. Siku ya pili, saa sita kasorobo, stima ikapotea ofisini kwetu tu. Kwenye boksi la breka, iliyoruka ilikuwa swichi ya kinga, ile ambayo mafundi huiita RCD. Nikairudisha. Baada ya saa mbili ikaruka tena.

Kwa wasioijua, swichi hii hufanya hesabu moja tu mchana kutwa. Hulinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Zikipishana kwa miliampea 30, inajua kuna stima inayopotelea ardhini kwa njia isiyo yake, labda kupitia mwili wa mtu, na inakata chini ya theluthi moja ya sekunde. Breka ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Breka ya ampea 20 hungoja ampea 20 na zaidi, na mtu huuawa na kiasi kidogo sana kuliko hicho.

Nikampigia fundi simu. "Bosi, hizo swichi zina wasiwasi mwingi," akasema. "Nitaitoa AC kwa hiyo niipeleke moja kwa moja kwa breka. Dakika kumi tu."

Sitawaficha: nilikubali. Shule zilikuwa zinapiga simu na mimi nilikuwa nimechoka. Tukapatana aje kesho yake asubuhi.

Jioni hiyo, nikifunga ofisi, mzee anayelinda jengo usiku akaniita. "Kijana wangu, hilo sanduku lenu la nje lina nini? Jana nililishika nikiwa na ndala zimelowa, likanitekenya mkono."

Sikulala vizuri. Mara ngapi nimefungua programu nikakuta mwandishi wake, akichoshwa na ujumbe wa hitilafu, ameandika msimbo wa kuumeza ujumbe huo kimya kimya? Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo nimewagombeza kwa kosa hilo hilo. Sasa mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulifanya ukutani, na aliyekuwa upande wa pili ni mzee wa watu.

Asubuhi nilimwambia fundi asije. Nikafunga roshani kwa kufuli ili mtu asiliguse sanduku lile, kisha nikafanya ninachokijua: nikaweka rekodi. Kwa siku mbili niliandika kila mara swichi iliporuka. Kiyoyozi kikizimwa, hairuki kabisa. Kikiwashwa, inaruka baada ya saa mbili hivi. Nilidhani ni mvua, lakini siku moja kati ya hizo halikudondoka hata tone. Kitu kinachohitaji saa mbili kujaa ni kama maji, ila maji ya wapi?

Jibu ni kwamba kiyoyozi chenyewe hutengeneza maji. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji cha Sackett & Wilhelms huko Brooklyn, New York, shida haikuwa joto la wafanyakazi. Unyevu wa hewa ulikuwa unavimbisha karatasi hata rangi zikakosa kulingana. Hewa ikipita kwenye koili baridi, unyevu wake hugeuka matone, kama yale ya nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone huangukia trei iliyo katika kipande cha ndani, kisha hufuata bomba hadi nje. Kwetu hakuna pampu. Kuna mteremko tu.

Nikamtafuta fundi stima mwenye leseni ya EPRA. Akazima stima yote, akapima kuhakikisha imezimika, akafungua kifuniko cha ukutani. Bomba la maji lilikuwa limefungwa kwa tepu pamoja na waya wa stima, na katikati lilikuwa na nundu. Maji yalikuwa yakikwama nyuma ya nundu, yakivuja kwenye kiungio cha bomba, kisha yakitambaa juu ya waya hadi kwenye kiboksi cha nje. Humo waya ulikuwa umeungwa kwa sababu haukutosha, na mdomo wa kiboksi ulitazama juu. Waya wa athi ulikuwa umekatwa na kuviringishiwa tepu. Haukuunganishwa popote.

Kama swichi ile ingeondolewa, njia ya stima kwenda ardhini ingekuwa mkono wa mzee.

Tulirudia kazi yote. Bomba sasa linashuka angalau sentimita moja kwa kila mita, tumelipima kwa pimamaji, halina nundu, na mdomo wake uko hewani, haujazamishwa mtaroni. Waya una njia yake mbali na bomba. Ni mmoja mzima bila kiungo. Kabla ya kuingia nje huning'inia chini kidogo kisha hupanda, ili tone lidondoke pale chini badala ya kuingia ndani. Athi imeunganishwa na kupimwa. Kuna swichi ya kuzimia karibu na kipande cha nje, na kiyoyozi kina breka yake, huku RCD ikibaki mahali pake.

Msaidizi wa fundi alibadilisha nyaya mbili, mmojawapo ukiwa ule unaopitisha mawasiliano kati ya vipande viwili. Kiyoyozi kikagoma na kuonyesha namba ya hitilafu. Sikukasirika hata kidogo. Alizirudisha kwa namba zake, kikawaka.

Mwisho nilimimina lita moja ya maji kwenye trei, nikaenda nje kuyangoja. Yalitoka yote. Siku hizi yanamwagilia mpapai ulio chini ya jengo, na mzee ndiye mwenye mpapai.

Nawaachia kazi ya nyumbani. Nenda kwenye boksi lako la breka, tafuta swichi yenye kitufe cha herufi T. Hifadhi kwanza ulichokuwa ukiandika kwenye tarakilishi, halafu kibonyeze. Swichi ikiruka, irudishe ulale salama. Ikikataa kuruka, au usipoiona kabisa, mwite fundi mwenye leseni wiki hii hii.