Tishali

Mhariri wangu wa Kiingereza alilipenda neno langu. Nilikuwa nimetoka Kilosa na habari ya ng'ombe walioingia usiku kwenye mahindi ya mama mmoja. Pale aliposema "waliingia tu, hata hodi hakuna," mimi nikaweka "barged in". Safi, mhariri akasema, lina uhai.

Barge ni tishali, lile bapa la mizigo linalovutwa bandarini: zito, gumu kusimamisha, likikosea linagonga kilicho mbele. Kitenzi kimetoka humo. Lakini Waingereza hukitumia zaidi kwa vijambo: mtu kafungua mlango kikao kinaendelea, au kadandia maongezi yasiyomhusu. Kina kaucheshi ndani yake.

Kilosa hakuna cha kucheka hapo. Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Anayelima kule akisikia ng'ombe shambani usiku, anakumbuka mbali. Hodi aliyoitaja mama haikuwa adabu tu ya mlangoni.

Basi ningesema wamevamia? Nalo lina matatizo yake. Sisi waandishi tunalitupa kwa majambazi, kwa tembo, kwa anayelima mpakani mwa hifadhi, wote kapu moja. Wakati wa kurudi tulipita Mikumi, pale barabara kuu inapoikata hifadhi kama kilomita 50 hivi. Dereva akapunguza mwendo, tembo wanavuka. Abiria wa nyuma akasema, "Hawa nao wanavamia barabara." Gari zima likacheka, na mimi nikiwemo. Hifadhi imetangazwa 1964. Tembo hawakusubiri tangazo.

Usiku nilimwandikia mhariri, tuseme tu waliingia na hawakupiga hodi. Akajibu kuwa hivyo inapoa. Ikatoka na tishali lake.

Kuna kitu sikumwambia. Siku ile mimi mwenyewe niliingia uani kwa yule mama na kinasa sauti kimeshawaka, nikakumbuka shikamoo nikiwa tayari mbele ya jiko lake. Alikuwa anapukuchua mahindi machache yaliyopona. Akaitikia marahaba bila kuinua uso.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ila umeshaingia."

Sauti yake hiyo ninayo mpaka leo. Kwenye habari sikuiweka.