Niliwatisha kina mama wa Kau

Mwishoni mwa mwaka 2021 niliwaambia kina mama wa Kau kwamba nyumba yenye mtoto ambaye hajakamilisha chanjo haitaandikwa kwenye orodha ya mahindi ya msaada. Haikuwa kweli. Hakuna aliyenituma kusema hivyo, si muuguzi, si chifu, si kaunti. Nilitunga mwenyewe, nikasema kwa sauti ya mtu aliyetumwa, na wakaniamini kwa sababu walinijua tangu utotoni. Nimekaa na jambo hili muda mrefu kupita kiasi.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Kazi yetu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na daftari, kuuliza nani ana mimba, nani anahara, mtoto gani hajapelekwa kliniki. Kau iko juu kidogo ya Ozi na Kipini, pale Mto Tana unapokaribia bahari, na mwaka ule mto ulikuwa umepungua nguvu. Maji ya Tana yakipungua, bahari hupanda. Chumvi inaingia mashambani, mpunga unakauka, minazi na miembe inadhoofu. Mwezi Septemba Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Katika hali hiyo, kumwambia mama kwamba atakosa mahindi ni kumshika pabaya. Nilijua hivyo, na ndiyo sababu nikasema.

Wazo lenyewe nililipata redioni. Mnamo Novemba Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa korona hatapata huduma za serikali ana kwa ana. Nikajiambia: kama mkubwa anaweza kuwabana watu wazima kwa chanjo ya korona, mimi nitashindwaje kuwabana wachache hapa kwetu kwa chanjo ya surua, ambayo manufaa yake yanajulikana miaka na miaka? Tarehe 14 Desemba Mahakama Kuu ikasimamisha agizo la waziri. Habari hiyo nayo niliisikia. Nikanyamaza. Sikurudi kwenye nyumba hata moja kusema kwamba hata lile agizo kubwa nililojificha nyuma yake limezuiwa.

Niseme wazi nilikuwa natafuta nini, maana sikuwa na nia mbaya. Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa akishatoka chumbani, virusi hubaki hewani hata kwa saa mbili. Ili isipate njia kijijini, watoto kama 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe wamepata dozi zote mbili, ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane. Pale kwetu watoto wengi walikuwa na dozi ya kwanza pekee, na baadhi hawakuwa na hata hiyo. Niliogopa, na bado naogopa. Msimamo wangu juu ya chanjo haujabadilika.

Lakini kina mama walikuwa na maneno yao, na mimi sikuwa na subira ya kuyasikiliza. Baadhi walikumbuka mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilitiwa kitu cha kuzuia uzazi. Serikali ilikanusha, Shirika la Afya Duniani likakanusha, ila hofu ilikuwa imeshateremka hadi huku, hata kwa Waislamu ambao kwa kawaida hawafuati maaskofu. Mama aliyeharibikiwa mimba baada ya sindano ile alikuwa na swali la haki. Alitaka mtu akae naye amweleze kwamba pepopunda huua vichanga wanaokatwa kitovu kwa wembe mchafu, na kwamba sindano ile humkinga mtoto kabla hajazaliwa. Mimi nilimwambia asilete mambo ya uzushi.

Wengine hawakuwa na hofu yoyote. Shida yao ilikuwa safari. Chanjo ya surua huja katika kichupa cha dozi kumi. Kikishachanganywa na maji yake, kinatakiwa kitumike ndani ya saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo mama aliyefika na mtoto mmoja, siku ambayo watoto wengine hawakuja, aliweza kuambiwa arudi siku nyingine. Ameacha shamba, amelipa nauli ya boti, amembeba mtoto juani, kisha arudi! Mama mmoja alinieleza hivi: "Mjomba, mimi nimempeleka mwanangu. Wao ndio hawakumdunga." Nilimjibu kwamba kijitabu cha kliniki ndicho kitakachosema. Jibu hilo linanichoma kuliko hata uongo wa mahindi, kwa sababu mama yule alikuwa ametimiza wajibu wake, nami nikamhesabu miongoni mwa wakaidi.

Wiki zilizofuata wapo walioleta watoto, na nikasifiwa. Wengine walifanya kinyume. Mzazi ambaye kijitabu chake kina mapengo aliona heri asionekane kabisa, basi siku ya chanjo akavuka na mtoto kwenda shamba la ng'ambo. Mama yule wa kichupa alikuwa mmoja wao. Alihofia kwamba akija tena na kitabu kitupu, mimi nitakiandika, na jina lake litafutwa kwenye orodha. Mtoto akapata surua. Alipona, lakini jicho moja limebaki na chamba, haoni nalo vizuri. Surua inaweza kuharibu macho, hasa kwa mtoto asiye na lishe, na mwaka ule lishe ilikuwa adimu.

Siwezi kuapa kwamba bila maneno yangu mtoto yule angechanjwa. Najua tu kwamba siku ambayo dawa ilikuwepo na watoto wa kutosha walikuwepo, yeye alikuwa ng'ambo ya mto kwa sababu yangu.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama mzazi ana haki ya kukataa. Sheria ya Watoto ya 2001 iliitaja chanjo waziwazi katika wajibu wa mzazi, pamoja na chakula, malazi na mavazi. Katiba, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya huduma ya afya na kutaka maslahi yake yatangulie. Nakubaliana nayo. Mtoto hawezi kujisemea, wala hakuchagua kuzaliwa kwa baba mwenye kuamini uvumi. Tuliokaa karibu na Malindi tuliona mwaka 2023 kule msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, watoto wanaweza kufikishwa wapi na watu wazima waliofundishwa kuikimbia hospitali.

Lakini lazima anayeamuru awe ametimiza upande wake. Mwaka 2025 Kenya nzima ilipungukiwa na chanjo za kifua kikuu na polio. Kina mama walifika na vichanga wakarudishwa. Ungemtoza nani faini hapo? Na hata panapo dawa, nguvu ina mipaka yake. Uingereza ililazimisha chanjo ya ndui kwa watoto mwaka 1853, waliokataa wakatozwa faini na wengine kufungwa. Mwaka 1885 maelfu waliandamana mjini Leicester, na kufikia 1898 bunge likaruhusu mzazi kukataa kwa sababu ya dhamiri.

Mtu ambaye ningepaswa kumfuata ni Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, pwani hii hii yetu ukipanda kaskazini, na Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alifanya kazi hospitalini na bado aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Miaka mingi baadaye alizunguka akiwahimiza wazazi wa Somalia wachanje watoto wao polio, na hoja yake ilikuwa habari yake mwenyewe: mimi niliogopa, nikaugua, wewe usifanye nilivyofanya. Alifariki Julai 2013 kwa malaria akiwa katika kazi hiyo.

Nimekwenda kwa mama yule, mbele ya mumewe na mama mkwe wake, nikamwambia yote. Hakunitukana. Alisema, "Ungeniuliza, mjomba, ningekuambia." Kisha akanitaka nitangaze, kwa kuwa wapo wanaoamini mpaka leo kwamba mahindi yalikuwa na masharti.

Basi natangaza. Mahindi hayakuwa na masharti, na hakuna orodha iliyofutwa jina la mtu kwa ajili ya kijitabu. Kina mama wa Kau, na wa vijiji jirani vya Ozi na Kilelengwani, uongo ulikuwa wangu. Dawa haina kosa. Chanjo ya surua ni bure, miezi tisa na miezi kumi na minane, na mtoto aliyepitwa na umri huo bado anaweza kupata. Mpelekeni hata kama kijitabu ni kitupu. Mkiambiwa watoto hawatoshi kufungua kichupa, niiteni. Nitapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wengine.