Boga la Mnada

Tuliondoka uwanja wa ndege wa KIA Alhamisi usiku, watu sita wa usharika mmoja wa Old Moshi, kila mtu na sweta mbili mwilini na kilo kumi za kahawa begini. Kahawa ilikuwa zawadi, sweta zilikuwa woga. Usharika rafiki wa kijiji kimoja nje kidogo ya Leipzig ulitualika kwenye sikukuu yao ya mavuno, ambayo Wajerumani wengi huiadhimisha Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Mimi nilipewa kazi moja, kusoma salamu za shukrani. Nilijaza kurasa nne, nikianzia mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro.

Kutoka Frankfurt tulipanda treni. Niliweka kikombe cha chai mezani nikakikodolea macho, hakikutikisika hata kidogo. Kwenye Hiace ya kwetu Kidia chai hiyo ingekuwa mapajani kabla ya kona ya kwanza. Nje, mashamba yalikwenda mpaka macho yakachoka, na humo hamna mtu! Kwetu kihamba cha ekari moja kina migomba, kahawa, magimbi, ng'ombe zizini, na babu amezikwa humohumo. Hapa niliona trekta moja likitambaa peke yake kwenye shamba la ukubwa wa kata, na dereva wake nikamhurumia kwa upweke.

Jumamosi wenyeji walitutembeza mjini. Kanisa la Nikolai lilinifunga mdomo. Nguzo zake huko juu zimechanua makuti ya kijani kibichi, utadhani umesimama chini ya minazi ya Bagamoyo, ila minazi imetulia na haiangushi kitu. Hapo ndipo watu walipokuwa wakisali kila Jumatatu, na tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 wakaandamana mjini kuipinga serikali ya kikomunisti, bila kumwaga damu. Nikauliza kama watu hao sasa wamejaa makanisani. Mwenyeji wetu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeulizwa habari za mgonjwa. Vizazi viwili vilikuzwa na serikali isiyotaka habari za Mungu, alisema, na wengi wala hawajaacha kanisa. Hawakuwahi kuwa nalo.

Jumapili tukakuta madhabahu imegeuka genge. Maboga, matofaa, zabibu, viazi, mitungi ya asali, mkate mkubwa ulioumbwa mfano wa mganda wa ngano, na juu yake limening'inia taji lililosukwa kwa masuke. Hayo niliyaelewa. Kilichonishinda ni pakiti za tambi na makopo ya maharage, bei bado zimebandikwa. Nani amevuna tambi? Nikaambiwa wakulima kijijini wamebaki wa kuhesabu, na kesho yake vyote vitapelekwa kwa watu wasio na chakula cha kutosha. Nikanyamaza. Hata kwetu mwenye mshahara hununua jogoo sokoni asubuhi, akaja naye kanisani kana kwamba kamlea mwenyewe.

Lakini ule ukimya! Mavuno ya kwetu yana kelele. Mbuzi analia nje, kuku wamefungwa miguu chini ya mabenchi, kila mtaa unapita mbele ukicheza, halafu mnada. Yai moja linanunuliwa elfu tano, mnunuzi analirudisha, linauzwa tena, na tena, mpaka yai hilo limeezeka darasa la Shule ya Jumapili. Hapa sadaka ilitolewa mlangoni wakati wa kutoka, kikapuni, kimyakimya, kama mtu anayelipa deni ambalo hataki jirani alijue.

Salamu zangu nilisoma kurasa mbili tu. Katikati nilianza kusikia sauti yangu ikifanana na barua ya kuomba msaada.

Baada ya ibada ikaliwa supu ya maboga ukumbini. Mbele yangu akaketi mwalimu mstaafu wa historia, mzee ambaye hajabatizwa wala hafichi. Amefuata supu, alisema. Kisha kupitia kwa mkalimani akauliza, "Mmekuja kushukuru. Na Mangi Meli je?"

Kijiko changu kikasimama njiani. Wajerumani walimnyonga Meli, chifu wetu, palepale Old Moshi, Machi 1900. Inaaminika kichwa chake kililetwa huku, na ukoo wake unakitafuta hadi leo. Kurasa zangu nne hazikumtaja. Nikamwambia hatujasahau. Bibi aliyenifundisha Baba Yetu ndiye aliyenionyesha mti aliotundikwa Mangi, na sikumbuki kipi kilitangulia.

"Sasa mnamshukuru nani?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alisema hata yeye hushikwa na shukrani, hasa asubuhi akiwa bustanini, ila hajui aipeleke wapi. Nikamwambia kwetu akina Aikaruwa ni wengi. Aika ni asante, Ruwa ni Mungu. Mama akimwita mtoto aje kula, asante imeshatajwa na imeshafika inakokwenda. Waliotuletea Injili tunawaheshimu, nikasema, ila asante yenyewe si yao. Hayo ndiyo mahubiri ya kwanza niliyoyatoa bila karatasi, na mkalimani aliyafikisha kiasi gani, sijui.

Tulikuwa bado hapo mama mmoja wa msafara wetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiguna kwamba mavuno bila mnada ni harusi bila bibi harusi, akaingia kutoka kanisani amebeba boga begani. Hakumwomba mtu ruhusa. "Boga! Boga la Bwana! Nani ana euro tano?" Mkalimani akawa mwekundu. Ukumbi ukakaa kimya, mtu mmoja akasema sita, mwingine nane, mara watoto wakapanda kwenye viti. Likaishia arobaini na tano, kwa mwalimu.

Akatoa pesa, akalipokea kwa mikono miwili. Mama akamweleza desturi, kwamba ni lake kabisa, ila akipenda anaweza kulirudisha.

"Nimrudishie nani?" akauliza.

Mama alikuwa ameshageuka kutafuta kitu kingine cha kunadi. Akamwonyesha kwa kidevu upande wa kanisa. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona mzee yule akipita katikati ya mabenchi matupu na boga lake kifuani, akafika mbele, akasimama kitambo kama mtu anayetafuta pa kutua mzigo, kisha akazisogeza zile tambi pembeni.