Si kila kiungulia ni vidonda vya tumbo

Katika ukoo wetu, maumivu ya chembe ya moyo yana jina moja tu: vidonda vya tumbo. Bibi yangu, mwenye miaka 74, aliishi na jina hilo kwa muda mrefu. Akishiba, kiungulia; akilala chali, chakula kinarudi kooni. Alikunywa maziwa, akatafuna vidonge vya dukani, siku zikaenda.

Mwaka jana, usiku mmoja, alishikwa na maumivu makali chini ya kifua. Alijikakamua kutapika, hakikutoka kitu ila mate. Baba mdogo akasema ni gesi, tungoje kukuche. Mama akakataa, akaita teksi.

Hospitalini walianza kupima moyo, kwa kuwa dalili hizo hufanana na za shambulio la moyo. Moyo ulikuwa salama. Muuguzi akapitisha mpira puani uende tumboni, ukagoma. Picha ya kifua ikaonyesha mfuko wa chakula umepanda hadi nyuma ya moyo.

Hii ni ngiri ya kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Tundu la kupitisha umio hulegea, hasa uzeeni au kwa unene, na mfuko wa chakula ukapenya. Kwa wengi huleta kiungulia tu. Lakini kwa wachache mfuko hupanda kando ya umio, ukajisokota na kukosa damu; ukichelewa, huoza na kutoboka. Mwaka 1904 daktari Mjerumani, Moritz Borchardt, alieleza dalili tatu za hali hiyo: maumivu makali juu ya tumbo, kujikakamua bila kutapika, na mpira kushindwa kupita. Bibi alikuwa nazo zote.

Alipasuliwa alfajiri. Mfuko ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Uliponyooshwa, rangi ikarudi. Kungoja kukuche kungetunyima Bibi.

Kama una mzee mwenye kiungulia cha miaka, anayebanwa pumzi baada ya kula au anayepungukiwa damu bila sababu kujulikana, mwombee daktari amchunguze. Na akipata maumivu makali huku akijikakamua bila kutapika, usimpe chakula wala dawa ya gesi. Mpeleke hospitali usiku huohuo, hata kama wakubwa wa nyumba wanasema mngoje.